Kazi Ipi ya Kukataa?

Sisi tuliofundisha chini ya Serikali hatukuchagua kazi. Barua ya uhamisho ilikuja, nasi tukafunga mizigo. Fundi anayejitegemea hana barua. Kila asubuhi huamua mwenyewe akubali kazi ipi na aache ipi, na tumbo nalo lina sauti katika shauri hilo.

Huku kwetu jambo hili si dogo. Delta ya Rufiji ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Tanzania, na tangu zamani boriti zake zilichukuliwa kwa majahazi hadi Arabuni. Tena, tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mbao za kusini hupita Kibiti kwa malori. Nyingine zina kibali. Nyingine husafiri usiku.

Tulimwendea seremala mmoja wa Kibiti atutengenezee mlango wa mninga. Tulipotaja fedha yetu akatikisa kichwa. "Mwalimu, kwa bei hiyo nitalazimika kununua mbao zisizo na kibali. Aliyeajiriwa atasema ametumwa. Mimi nitasema nani kanituma?" Wala karakana yake haikuwa na kazi nyingine siku hiyo, tuliona wenyewe.

Kumsifu ni rahisi. Lakini ni nani aliyempelekea jaribu hilo, kama si sisi wenye pensheni? Tukaenda kwa fundi wa pili, naye hakuuliza neno. Mlango ni imara. Yule wa kwanza hupita mbele yake akienda sokoni, hutuamkia, nasi twaitikia.