Panga la Kazi Gani?

Mjomba wangu alikuwa mhunzi katika kijiji kimoja upande wa Newala. Springi za malori mabovu alizigeuza majembe, mapanga na tezo za wachonga vinyago. Mimi nilivuta mivukuto, macho yakiniwasha kwa moshi. Kila mteja alimuuliza: "La kazi gani?" Nilidhani anataka vipimo tu, maana panga la kufyekea si sawa na la kupasulia kuni.

Ukubwani nikahamia Masasi mjini, nikawa nauza duka la vifaa. Siku moja akaingia mtu wa kijijini kwetu, akachagua panga, akalipa. Sikumuuliza kitu. Wiki ileile nikasikia kakata mikorosho 11 ya jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba. Kumbe alianzia kwa mjomba, akanyimwa.

Sasa niambie, msomaji: kukataa kwa mjomba kulisaidia nini? Mikorosho si ilianguka vilevile? Nilimwendea na hoja hiyo, nikitafuta ahueni.

"Mjomba, hata nisingeuza mimi, angeuza wa duka la pili."

"Kweli, mpwa wangu. Lakini hiyo ni habari ya panga. Mimi nakuuliza habari yako."

Jibu hilo limenikaa rohoni miaka. "Angeuza mwingine" ni hoja ya kweli, ila inapima matokeo tu. Haifuti kwamba mkono uliopokea hela ni wangu. Mhunzi naye angeweza kudanganywa, haoni ndani ya moyo wa mtu. Lakini aliyeuliza akadanganywa si sawa na asiyetaka kujua.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu vya watu wa huku kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Chombo unaweza kukihifadhi kabatini. Lile swali la mhunzi halihifadhiki hivyo, linaishi pale tu muuzaji na mnunuzi wanapojuana.

Mapanga ya kiwandani siyalaumu, mkulima anayahitaji na bei anaimudu. Mjomba keshafariki, mimi bado nauza. Siku hizi nauliza. Wengi hucheka: "We kaka, unauza au unahoji?" Nacheka nao, nawauzia.

Mmoja tu, hadi leo, sikumuuzia. Alinitazama, akavuka barabara kwenda duka la pili.