Kung Fu, Hekalu na Dini Iliyovuliwa

Sanaa ya mapigano iliyolelewa katika nyumba ya ibada, kisha ikavuliwa ibada hiyo na kuvikwa kanuni za mashindano, huzua swali gumu la falsafa ya dini: je, kilichobaki ni kitu kilekile, au ni kitu kipya kilichorithi jina tu? Swali hilo si la Wachina peke yao. Katika kata ya Hasamba, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, miongoni mwa Wanyiha wakulima wa kahawa na mahindi ambao Wamoravian waliweka misheni katika nchi yao tangu enzi za Wajerumani, kijana anayetaka kujifunza wushu, yaani sanaa za mapigano za China ambazo wengi huziita kung fu, hana budi kulijibu kwa namna yake: anajifunza mchezo, au anaingia katika dini ya wengine pasipo kujua?

Njia iliyozoeleka ya kulijibu ni kurudi kwenye chimbuko. Husimuliwa kwamba Bodhidharma, mtawa wa Kibudha kutoka India, alifika katika hekalu la Shaolin, lililojengwa mwaka 495 kwenye Mlima Song, jimboni Henan, akawakuta watawa wamedhoofika kwa kukaa muda mrefu katika tafakuri, akawafundisha mazoezi ambayo baadaye yakawa kung fu. Simulizi hiyo ni nzuri, lakini historia haiiungi mkono. Mwanahistoria Tang Hao aliipinga waziwazi tangu miaka ya 1930, na kitabu cha mazoezi ya misuli kinachomtaja Bodhidharma kuwa mwandishi wake kinahusishwa na mwaka 1624, takriban miaka elfu moja baada ya zama zake. Kinachothibitika ni kingine. Jiwe la kumbukumbu la mwaka 728, lililosimamishwa hapo hapo hekaluni, linaeleza jinsi watawa walivyomsaidia Li Shimin vitani mwaka 621, kabla hajawa mfalme mkuu wa nasaba ya Tang. Katika karne ya 16 watawa wenye fimbo walipelekwa kupigana na maharamia wa pwani. Ama mapigano ya mikono mitupu, ambayo ndiyo hasa dunia inayaita Shaolin, yalistawi katika karne ya 17, pale mazoezi ya pumzi na viungo yaliyotokana na Wadao, wafuasi wa dini ya asili ya China inayotafuta uzima kwa kupatana na mwendo wa maumbile, yalipounganishwa na upiganaji ndani ya hekalu la Wabudha.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa Wabudha wa Shaolin walichota kutoka kwa Wadao, wakaongeza ujuzi wa askari na wa watu wa vijijini, basi mizizi inayotajwa kuwa safi ilikuwa mchanganyiko tangu mwanzo, na wanaotetea usafi wake wanatetea kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Zaidi ya hayo, mchanganyiko huo ulibeba mgongano wa ndani, kwa kuwa amri ya kwanza ya Ubudha inakataza kuua kiumbe chenye uhai, ilhali watawa hao walishika silaha na waliua. Hawakuwahi kuumaliza mgongano huo kwa hoja. Waliishi nao, wakiuwekea mipaka ya nidhamu, na pengine hapo, katika nguvu inayojua kwamba inahitaji kuhesabiwa haki, ndipo penye mzizi unaostahili kutafutwa.

Mtindo wa kisasa ulizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Chama cha Jingwu kilipoanzishwa Shanghai mwaka 1910, na Taasisi Kuu ya sanaa hizo ilipofunguliwa Nanjing mwaka 1928, lengo lilikuwa kuujenga mwili wa taifa lililojiona dhaifu mbele ya mataifa ya kigeni. Mwaka huohuo wa 1928 majeshi ya mbabe wa kivita Shi Yousan yaliichoma Shaolin. Baada ya 1949 serikali mpya ilipanga upya mitindo ya kale: mwaka 1956 ilitoa muundo mfupi wa taijiquan, sanaa ya mienendo ya polepole, wenye mienendo 24, na mwishoni mwa muongo huo changquan, yaani ngumi ndefu, ilitungwa kutokana na mitindo kadhaa ya kaskazini. Leo mshindani wa changquan husimama peke yake juu ya zulia la mita 14 kwa 8, akaonyesha mfululizo wa mienendo kwa muda usiopungua dakika moja na sekunde 20, huku waamuzi wakipima urefu wa kuruka na uimara wa kutua. Mapigano halisi yamehamishiwa katika mchezo mwingine, sanda, wenye glavu na mpinzani wa kweli. Mwili umegawanywa: uzuri upande mmoja, pigo upande mwingine, na tafakuri haikupewa upande wowote.

Songwe iliguswa na historia hiyo kwa namna ya pekee. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Vwawa na kuvuka mpaka Tunduma. Wachina walioijenga walitoka katika nchi iliyokuwa ndani ya Mapinduzi ya Utamaduni, wakati ambapo mahekalu yalifungwa, watawa walidhalilishwa na sanaa za kale zilihesabiwa kuwa mabaki ya ukabaila. Kwa hiyo watu walioileta China hadi mpakani hawakuileta Shaolin. Yenyewe ilikuja kwa njia ya filamu za Hong Kong, za Bruce Lee kwanza na za wengine baadaye, zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema ya mijini na kisha katika mabanda ya video, ambamo watazamaji walibanana kwenye mabenchi na msimuliaji mwenye kipaza sauti, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyatia maneno ya mabwana wa kung fu katika Kiswahili cha mtaani. Hekalu lenyewe lilifufuka kwa nguvu ya filamu, ile ya mwaka 1982 iliyomtoa Jet Li. Kwa maneno mengine, hata Mchina wa leo ameupokea urithi huu kupitia skrini, na kijana wa Hasamba hapaswi kujiona mgeni kuliko yeye.

Je, dini inaweza kuondolewa katika ujuzi bila ujuzi kuharibika? Ukanda wa Unyiha na Ufipa una ushahidi wake. Wayeyushaji wa chuma wa huko walijenga tanuri refu la udongo, wakaweka dawa ndani yake na kushika miiko, ikiwamo ya kujitenga na wake zao, hadi kazi iishe. Majembe ya kiwandani yalipoenea, chuma kilibaki na miiko ikatoweka, na hakuna anayedai kwamba jembe la dukani halilimi. Hata hivyo kulikuwa na kitu katika miiko hiyo ambacho hakikuwa dawa, nacho ni kukiri kwamba anayeshika moto wa namna hiyo lazima kwanza ajitawale. Kukiri huko hakununuliki dukani.

Kwa mtazamo huu hofu ya wazazi, kwamba kijana wao anaingizwa katika dini ya wengine, inapungua, ingawa haiishi. Chan, tawi la Ubudha linalofuatwa Shaolin na kuitwa Zen huko Japani, lina mafundisho kuhusu nafsi na ukombozi ambayo Mkristo au Mwislamu hawezi kuyapokea yote, na mwalimu mkweli hayafichi. Lakini kujitawala si mali ya Wabudha. Hadithi mashuhuri ya Kiislamu waliyoipokea Bukhari na Muslim humhesabu mwenye nguvu kuwa yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira, si anayewaangusha watu kwa mieleka. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anautaja mwili kuwa hekalu. Muumini wa Mbozi anaweza kuingia katika zoezi hili kwa mlango wa imani yake mwenyewe, na akakuta kazi ileile ikimngoja.

Kazi hiyo huonekana vizuri zaidi katika mabu, msimamo wa mpanda farasi. Miguu hutanuliwa kupita mabega, mapaja hushushwa hadi yakaribie kuwa sambamba na ardhi, mgongo hunyooka, pumzi hutelemka tumboni. Dakika ya kwanza ni rahisi. Kisha mapaja huanza kutetemeka, na akili, ambayo haijaguswa na mtu yeyote, huanza kutunga sababu za kuinuka: muda umetosha, mwalimu hatazami, zoezi halina faida. Hakuna mpinzani hapo isipokuwa huyo anayetunga sababu, na kumwona waziwazi, bila kumtii, ndiko kunakounganisha zoezi hili na tafakuri ya watawa, hata kama anayelifanya hajawahi kusikia jina la Bodhidharma.

Kwa sababu hiyo mwalimu anayefundisha mtindo wa kisasa anaweza kuacha mengi bila hasara: ubani, picha ya mtawa ukutani, orodha ndefu ya vizazi vya walimu ambayo aghalabu imetiwa chumvi. Tena ni wajibu wake kumwambia mwanafunzi mapema kwamba kisa cha Bodhidharma ni hekaya, ili imani yake kwa sanaa isisimame juu ya jambo litakaloporomoka siku atakaposoma historia. Asichoweza kuacha ni ile miezi mirefu ya kusimama kabla ya kufundishwa teke la kuruka, na ahadi, inayotolewa mbele ya wenzake, kwamba ujuzi huo hautatumika kumwonea mtu sokoni wala nyumbani. Mashindano hayatoi alama kwa lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo maana klabu zinazotafuta medali huyakatisha kwanza.