Nenda Kasome Sheria ya Kanisa

Hoja imefika mezani kwenye Sinodi ya dayosisi: kiwanja kiuzwe, au kasisi asimamishwe huduma, au dayosisi igawanywe. Mjumbe mmoja wa walei anasimama, anasalimu kwa heshima zote, anauliza: "Baba Askofu, hilo tunalifanya kwa ibara ipi?" Meza kuu wanatazamana. Katiba ipo, imo mkobani mwa Katibu wa Dayosisi, ila aliyeisoma mpaka ukurasa wa mwisho hayumo ukumbini. Kura inapigwa kwa kumtazama askofu usoni. Baadaye shauri linaishia Mahakama Kuu, na sadaka za wajane zinalipa mawakili.

Nakuandikia wewe unayeweza kulijibu swali lile. Wewe wakili ambaye Jumamosi jioni uko mazoezi ya kwaya. Wewe kasisi mwenye shahada ya theolojia, unayeogopa neno "sheria" kana kwamba ni mali ya watu wengine. Shahada ya uzamili katika sheria ya Kanisa la Anglikana inakufaa, na Kanisa linakuhitaji uisome.

Elimu hii iliwahi kuzimwa kwa amri. Mwaka 1535 serikali ya Mfalme Henry VIII ilipiga marufuku ufundishaji wa sheria ya Kanisa katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Mfalme alikuwa amejitenga na Roma, naye hakutaka vijana wasome sheria za Papa. Kanisa la Uingereza likaendelea kuwa na mahakama, majaji na kanuni, lakini shahada hiyo ikatoweka. Ilipita miaka 456. Mwaka 1991, Norman Doe alianzisha uzamili wa sheria ya Kanisa katika Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, wa kwanza katika chuo kikuu cha Uingereza tangu Matengenezo. Mapadri na mawakili wakaketi darasa moja. Ukisikia mtu akisema somo hili ni la kizamani, mwambie kwa namna linavyofundishwa leo lina umri mdogo kuliko wazee wengi wa kanisa lako.

Utasoma nini? Acha nikupe kesi moja tu, maana ndiyo iliyonivuta mimi. William Long alikuwa kasisi wa Mowbray, karibu na Cape Town. Askofu Robert Gray aliitisha sinodi, akamwagiza aitishe mkutano wa waumini wachague mjumbe. Long akakataa: hakuna sheria inayonilazimisha, alisema. Gray akamsimamisha, kisha akamvua wadhifa wake. Kesi ikapanda hadi Baraza la Faragha la Malkia huko London, na mwaka 1863 kasisi yule mdogo akamshinda askofu wake. Majaji walisema kwamba mahali ambapo Kanisa la Anglikana si kanisa la dola, liko sawa na jumuiya nyingine yoyote ya dini: kanuni zake zinawafunga wale tu waliozikubali, kwa kutamka au kwa mwenendo wao.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Ndani yake umo msingi wa kila katiba ya dayosisi unayoijua. Mamlaka ya askofu yanasimama juu ya makubaliano, na makubaliano yana maneno yaliyoandikwa. Gray mwenyewe alijifunza kwa maumivu. Alimhukumu Askofu John Colenso wa Natal, na hukumu hiyo nayo ikabatilishwa mwaka 1865. Kutokana na mtafaruku huo maaskofu 76 wa Anglikana kutoka nchi mbalimbali walikutana Lambeth, London, mwaka 1867, mkutano wa kwanza wa aina yake, na mwaka 1870 Kanisa la Kusini mwa Afrika likapitisha katiba yake lenyewe. Tazama hapo: Afrika haikupokea tu sheria ya Kanisa, ilisababisha iandikwe.

Na Afrika Mashariki je? Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kupanga ushirikiano. Mwishoni askofu wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri wa Scotland. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alipopata habari aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka maaskofu wa Mombasa na Uganda washtakiwe kwa uzushi. Watu wengi hukumbuka ugomvi wa theolojia. Mimi naona swali la sheria lililo wazi kabisa: nani ana mamlaka ya kumhukumu askofu wa Mombasa, na kwa kanuni zipi? Jimbo la Kianglikana la Afrika Mashariki lilizaliwa mwaka 1960, na mwaka 1970 likagawanyika kuwa Kenya na Tanzania. Swali lile sasa tunatakiwa kulijibu wenyewe.

Hatuna Papa. Hakuna bunge moja la Waanglikana wote, na maazimio ya mikutano ya maaskofu ya Lambeth hayana nguvu ya sheria katika jimbo lolote mpaka jimbo lenyewe liyapitishe. Kwa hiyo mwanafunzi wa somo hili hulazimika kulinganisha: uchaguzi wa askofu unafanywaje Wales, Nigeria, Australia, Tanzania? Kasisi aliyeshtakiwa anapewa nafasi gani ya kujitetea, na akate rufaa wapi? Kazi ya kulinganisha namna hiyo ndiyo iliyozaa kanuni 100 zinazopatikana katika makanisa yote ya Ushirika wa Kianglikana, zilizochapishwa mwaka 2008. Ndani yake imo haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Mkumbuke kasisi wa kijijini aliyepata barua ya kufukuzwa Ijumaa, na Jumatatu familia iko nje ya nyumba ya kanisa. Kwake yeye, ibara moja inayosema lazima asikilizwe ina uzito zaidi kuliko semina kumi za uongozi.

Watakuambia andiko huua. Watakutajia Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Wasikilize, kisha warudishe kwenye ule wa Kwanza, sura ya sita, ambapo Paulo anawakaripia ndugu wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, na kuuliza kama hakuna hata mmoja miongoni mwao mwenye hekima ya kuwaamua. Hekima hiyo husomewa.

Ada ni nzito, najua. Basi usingoje ada ndipo uanze. Omba nakala ya katiba ya dayosisi yako, na ya jimbo, na hati ya Bodi ya Wadhamini. Zisome ukiwa na kalamu. Dayosisi inapogawanywa, shule iliyojengwa kwa michango ya wote inabaki kwa nani? Shamba alilotoa mzee wa kijiji kwa mdomo tu linasimama kwa jina la nani? Maswali haya yanatosha tasnifu nzima, na hakuna mtu Cardiff atakayeyajibu vizuri kuliko wewe uliyekalia benchi la Sinodi. Andika kurasa mbili kuhusu moja kati yake. Mpelekee Msajili wa dayosisi azisome, halafu zipeleke pamoja na maombi yako ya chuo na barua ya kuomba ufadhili. Sinodi ijayo, uwe umekwisha kuanza.