Paa la Mama

Kaskazi ikielekea mwisho wake, wakazi wa Moa, kaskazini ya mji wa Tanga karibu na mpaka wa Kenya, huanza kutazama juu. Masika huingia mwezi Machi, na paa la makuti lililochakaa haliwezi kuidanganya mvua. Wako wapachikao makuti mapya juu ya yaliyooza ili nyumba ipendeze kwa nje. Mwaka haupiti, fito na makombamoyo navyo vimeoza. Fundi mwaminifu huezua kwanza. Hushusha yote, hujaribu kila mti kwa mkono wake, hukata kamba zilizolegea, ndipo aezekapo upya toka upenuni hata kileleni, kuti likilalia kuti.

Lakini mama mjane, ambaye watoto wake wako Tanga mjini, Mombasa au Dar es Salaam, fundi atamlipa nini? Hutandaza ndoo na masufuria sakafuni, akahamisha kitanda pembe hata pembe. Jirani akimwuliza, hujibu, “Wanangu wana majukumu mengi.” Hivyo huisitiri aibu ya watoto wake chini ya paa lisilomsitiri yeye.

Na watoto hao si wapagani. Huenda mmoja wao alitoa mchango mkubwa wa mabati ya kanisa la kigango, na jina lake likasomwa mbele ya watu baada ya Misa. Haifai gazeti la Kanisa liwapunguzie waamini ari ya kutoa, wala hatukusudii hivyo. Ila katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliwakemea vikali Mafarisayo na waandishi kwa jambo hilihili: walimruhusu mtu aiite Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, mali iliyowapasa wazazi wake, kisha asiwatendee lolote. Mungu hakuipokea sadaka ya namna hiyo. Kuezeka nyumba ya mama si sadaka hata kidogo. Ni deni, na Amri ya Nne haikuweka muda wa kulilipa wala haikumwachia kitinda mimba peke yake.

Basi leo jioni mpigie simu. Ukiisha kumwamkia, usimwulize kama yu mzima, maana atasema yu mzima. Mwulize mvua inyeshapo kitanda chake hukaa pembe gani.