Jenga Mbele ya Chumba Chako

Somo: Nehemia 3:1-32, Nehemia 5:1-13



Nehemia sura ya tatu ni sura ambayo wengi wetu huiruka tukisoma Biblia. Ni majina juu ya majina: fulani mwana wa fulani alijenga hapa, na kando yake fulani akajenga pale. Lakini ukiisoma polepole ukiwa mkaaji wa Eastlands, utaona ni kama rejista ya mtaa. Kuna wafua dhahabu, kuna watengeneza manukato, kuna wafanyabiashara. Kuna Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Kuna wakubwa wa Tekoa, walioona kazi ile ni ya watu wadogo. Na mara kwa mara Neno linasema kwamba mtu alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa angalia mstari wa 30. Kuna mtu anaitwa Meshulamu mwana wa Berekia. Huyu hakuandikiwa nyumba, ameandikiwa chumba. Alijenga ukuta mbele ya chumba chake. Na ukirudi mstari wa 4 unamkuta tena, tayari alikuwa amemaliza sehemu nyingine. Wakubwa wa Tekoa hawakushika hata jiwe moja, na mwenye chumba alijenga mara mbili.

Nataka tuongee na Meshulamu wiki hii, kwa sababu wengi wetu tunakaa kwa chumba.

Mtaa unabadilika

Hakuna asiyeona. Pale Ngara na Pangani nyumba za zamani zimeanguka na ghorofa ndefu zimesimama. Huku kwetu ploti za mabati zinageuka fleti za bedsita, moja baada ya nyingine. Unaamka asubuhi, duka ulilozoea kununua maziwa limezungushiwa mabati na kuna lori la mchanga mlangoni. Na si jambo la jana. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ya zamani ilibomolewa, na wakaaji wake wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Mji huu umekuwa ukihamisha watu tangu siku za babu zetu.

Wakati mwingine mabadiliko yanakuja kwa nguvu. Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma usiku wa mvua, na watu wengi wakapoteza maisha. Mwaka 2024 mto ulifurika Mathare na Mukuru, na baada ya maji kukaja tingatinga kuondoa nyumba zilizo karibu na mto. Baadhi yenu mnaosoma haya mlilala kwa kanisa siku hizo.

Katika hali kama hii moyo hujifunza neno moja: "Mimi ni mpangaji tu, napita." Taka zikijaa kwenye ngazi, napita. Bomba likipasuka, napita. Jirani wa mlango wa pili akiwa mgonjwa siku tatu, simjui, napita. Mtu anaweza kupita hivyo miaka kumi na tano, watoto wakazaliwa na kumaliza shule, na bado anasema anapita.

1. Mpangaji pia ana ukuta

Watu wa Yuda walipopelekwa Babeli hawakuwa na hatimiliki yoyote. Mji haukuwa wao, na walioutawala ndio waliowateka. Lakini katika Yeremia 29 Mungu aliwatumia barua: wajenge, wapande, waoe, wauombee mji ule, kwa maana amani yake ndiyo ingekuwa amani yao. Mungu hakuwaambia wasubiri mpaka wamiliki ndipo wajali.

Ukuta wako ni upi? Ni ile ngazi mnayoshiriki watu wanane. Ni ile taa ya koridoni iliyoungua ambayo kila mtu anangoja keateka aibadilishe, na wasichana wanapanda gizani. Ni mtoto wa jirani anayebaki nje mpaka saa mbili usiku kwa sababu mama yake anarudi na matatu ya mwisho. Hivyo havihitaji hatimiliki. Vinahitaji mtu mmoja wa kugonga milango na kusema, "Jamani, tuchange shilingi hamsini hamsini tununue taa."

Na ndugu yangu mpangaji, kuna jambo lingine. Kuhama usiku ukiwa na deni la miezi mitatu si ushuhuda. Landilodi hakukosei kwa kuuliza kodi yake. Kama kazi imeisha, nenda kwake mapema, mueleze, mkubaliane mtalipana vipi. Ukikimbia, umemfungia mlango mwenzako atakayekuja kesho akiwa na shida ya kweli.

2. Kilio kilitoka ndani

Sasa sura ya tano. Ukuta ulikuwa unapanda vizuri, maadui wako nje, na ghafla kilio kikatoka ndani. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate chakula na walipe ushuru wa mfalme. Waliowakopesha na kuwanyang'anya hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zao, watu waliosali pamoja nao.

Wapendwa, niseme wazi. Katika kanisa hili wako waliopokea notisi ya kuhama mwaka huu, na wako walioandika notisi. Wanaimba sifa pamoja, wanashiriki meza ya Bwana pamoja. Jumapili ni "Bwana asifiwe mama", na Jumatatu mlango una kufuli mpya na vitu viko nje kwenye mvua. Hilo hatuwezi kuliimbia likaisha.

Simwambii mwenye ploti asijenge. Kujenga ni kazi ya heshima, mkopo wa benki hausubiri, na mji unahitaji nyumba. Ninauliza unajenga vipi. Umempa mtu muda wa kutosha kutafuta pengine, au siku saba na muhula wa shule uko katikati? Dipoziti yake iko wapi? Ile pesa si yako, uliwekewa. Kumrudishia siku anayotoka ndiyo itamwezesha kulipa dipoziti ya nyumba nyingine. Ukimzungusha miezi miwili, umemfanya akope kwa mtu ambaye riba yake unaijua.

Hata kwa hesabu ya biashara, upole una faida. Chukua mfano wa ploti ya vyumba 20, kila kimoja shilingi 5,000. Hiyo ni 100,000 kwa mwezi. Ukiongeza 500 ghafla na wapangaji watatu wakahama, unabaki na vyumba 17 vya 5,500, yaani 93,500. Umeongeza kodi na mapato yamepungua, na bado hujapaka rangi vyumba vilivyoachwa. Lakini hata kama hesabu ingekupa faida, swali la Nehemia lingebaki palepale: je, hatupaswi kutembea katika kumcha Mungu?

Angalia alivyofanya. Alikasirika, lakini alifikiri kwanza. Akawaita wakubwa, akawaambia ana kwa ana, kisha akaitisha mkutano mkubwa. Walinyamaza, hawakuwa na la kujibu. Akawaambia warudishe siku hiyo hiyo: mashamba, mizabibu, nyumba, pamoja na ile riba. Wakakubali, wakaapa mbele ya makuhani, na mkutano wote ukasema Amina. Amina ile ilikuwa na gharama. Mtu alirudi nyumbani akiwa na pesa kidogo kuliko asubuhi.

3. Usihame peke yako

Mtaa ukibadilika, kitu cha kwanza kupotea ni watu. Familia inahamia Ruai au Kitengela, nauli inakuwa kubwa, wanakuja kanisani mara moja kwa mwezi, kisha hawaji. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewafuata pia.

Serikali ina sehemu yake. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi hicho. Kama unakatwa, basi angalau jiandikishe kwenye Boma Yangu uweke akiba, usiwe unalipia meza ambayo hukai. Vijana wenye simu nzuri, wasaidieni wazee kujaza.

Lakini serikali haitakubebea godoro hadi ghorofa ya tano. Hiyo ni kazi ya ushirika wa nyumbani. Nehemia hakuweka kila familia kivyake kwenye ukuta bila kujua aliye kando yake. Neno linarudia "na baada yake", "na baada yake", mpaka mji unazungukwa.

La kufanya wiki hii

Kila ushirika wa nyumbani ukikutana Jumatano, ulizeni nani amepokea notisi. Andikeni jina, tarehe, na ana watoto wangapi shuleni. Mleteni kwa ofisi ya kanisa kabla ya siku ya kuhama, si baada.

Mwenye nyumba za kupangisha, kaa na kitabu chako jioni moja. Tafuta dipoziti ya mtu aliyetoka na hujamrudishia. Mpigie simu. Kama una chumba kitupu, wape wazee wa kanisa habari kabla hujamwambia dalali.

Mpangaji, gonga mlango mmoja ambao hujawahi kugonga. Jua jina la anayekaa hapo.

Tuombe. Baba, unajua namba ya kila mlango tunaolala nyuma yake. Wafungulie walio na notisi mahali pa kukaa. Walegeze mikono walioshika cha wengine. Utupe neema ya kujenga mbele ya chumba tulichonacho, hata kama mwezi ujao si chetu. Katika jina la Yesu. Amina.