Chuma na Mpagazi

Swali ninalotaka kulizungumza ni hili: je, mtu mzima anayo haki ya kumpunguzia mtoto furaha yake kwa ajili ya kumwambia ukweli? Wapo watakaonijibu upesi kwamba ukweli haumpunguzii mtu kitu. Mimi nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote, nikaongoza shule, na kwa miaka kadhaa nikafundisha walimu wenyewe katika chuo cha ualimu. Nathubutu kusema kwamba jibu hilo ni la watu ambao hawajapata kumtazama mtoto aliyesimama kando ya gari moshi, mkono wake ukiwa juu ya gurudumu linalomzidi kimo.

Swali hilo lilinikabili katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Nilikwenda huko na wajukuu wangu wawili, wa kiume wa miaka kumi na mmoja na wa kike wa miaka minane, pamoja na mama yao, ambaye ni binti yangu. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, nchi zetu tatu zilipokuwa bado na shirika moja la reli, na aliyehangaika sana kuyaanzisha ni mtu wa reli aliyeitwa Fred Jordan. Shirika lenyewe lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Vyombo vyake vikabaki pale, kama vyombo vya ndoa iliyokwisha.

Nje kumesimama magari moshi makubwa yaitwayo Garratt, ya daraja la 59. Yalitengenezwa 34, huko Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani 252, na yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yaliyosalimika ni mawili tu, nayo yote mawili yana majina ya milima ya Tanzania: Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena wa Upare. Nikawaambia wajukuu kwamba katika yale 34 lilikuwamo lililoitwa Milima ya Uluguru, na jingine lililoitwa Kimhandu, yaani kilele chetu kirefu kuliko vyote. Mjukuu wa kiume aliruka kwa furaha. Akataka kujua liko wapi. Nikamwambia lilikatwakatwa likawa chuma chakavu, na kwamba tangu liundwe halikupata kuiona milima ambayo lilibeba jina lake, kwa kuwa magari hayo yalifanya kazi ya njia ya Mombasa na Nairobi. Hilo alilivumilia. Aliona fahari hata ya jina tu, nami siwezi kumlaumu, kwa maana niliiona pia.

Tukafika kwenye behewa la simba. Msomaji huenda anaijua habari hiyo. Mwezi Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alikaa ndani ya behewa usiku akimvizia simba mla watu. Akasinzia. Simba akaingia, akamwua na kumtoa nje kupitia dirishani. Behewa lipo hadi leo, na watoto husimama hapo kuliko mahali pengine popote. Wajukuu wangu walisimama hapo muda mrefu, mdogo akimshika mama yake kanga.

Hapo ndipo nilipoanza kusema. Niliwaambia kwamba kuijenga reli ile, tangu mwaka 1896 hadi 1901, waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na kwamba kwa hesabu za serikali yenyewe 2,493 walikufa. Wale walikuja kwa mikataba ya maandishi, kwa hiyo vifo vyao vikaandikwa. Mwafrika aliyebeba maji, chakula na mbao hakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Mtu mmoja amebaki na jina kwa sababu alifia ndani ya kitu kinachoweza kuhifadhiwa. Waliofia vichakani hawakuwa na behewa.

Binti yangu alinikatiza kwa adabu, lakini alinikatiza. "Baba, waache watoto wafurahi. Hayo watayasoma shuleni."

Nikamjibu kwamba shuleni ndiko nilikotoka mimi, najua kinachosomwa huko. Hakupendezwa na jibu hilo. Njiani kurudi tulikofikia, mjukuu wa kiume alikuwa kimya, na mama yake alinitazama kwa jicho ambalo kila mzazi wa mtu mzima analijua.

Hoja yake si nyepesi, na nimeigeuza-geuza tangu siku ile. Mtoto hupenda kwanza, ndipo akajua. Ukimwonyesha kitu na papo hapo ukamwambia kimepakwa damu, utamfundisha kuona haya kwa mambo ambayo hakuyatenda, au utamfanya achoke na kila habari ya zamani. Nimewaona walimu wa namna hiyo. Kila somo kwao ni kilio, na wanafunzi wao hukariri kilio kama wanavyokariri majina ya mito. Tena kuna uwongo wa aina nyingine, wa kumfanya kila mtu wa kale kuwa mnyonge. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa Morogoro, katika mji wa Simbamwenni uliojengwa na Kisabengo, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo kwa ujira, kwa ufundi na kwa majivuno. Kijana aliyekuwa hajafika pwani na mzigo wake alionekana bado hajawa mwanamume kamili. Kuwahurumia watu hao tu ni kuwavunjia heshima.

Lakini tazama tulivyowahifadhi. Chuma tumekiwekea nyumba Nairobi. Mnyamwezi tumemweka katika msemo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunausema kwa kucheka, mtu anapokwepa kazi. Wale wa Vita Kuu ya Kwanza tumewaweka katika jina la soko. Kila siku maelfu ya watu hununua nguo na sufuria Kariakoo, na ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni la kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini aliye juu, anayeonekana na wapita njia, ni askari na bunduki yake.

Jambo hili linanigusa kwa karibu. Mwezi Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia milima yetu. Kaka yake bibi yangu mzaa mama alichukuliwa akiwa shambani ili abebe mizigo yao kuelekea kusini. Hakurudi, wala haikujulikana alipoangukia. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mtu huyo si ndugu wa mbali: ndiye angekuwa mjomba wa mama yangu, mwenye kauli juu ya mashamba na ndoa zetu. Bibi alikuwa akimtaja kila alipomwona mtu akijifunga ngata kichwani. Ngata ni majani au kitambaa, mtu akifika huitupa. Makumbusho gani yangeihifadhi?

Nimesoma kwamba huko Wales, mwaka 1951, watu wa kujitolea waliichukua reli ndogo ya Talyllyn isifungwe, na tangu hapo Uingereza imejaa reli na makumbusho ya vyombo vya usafiri yanayoendeshwa na wastaafu wasiolipwa, wanaopaka mafuta magurudumu mwishoni mwa juma. Nawapenda watu hao bila kuwajua. (Sisi tuliokuwa vijana enzi za Mwalimu tulilijua neno kujitolea kwa njia ya jembe na matofali, ingawa si kila aliyekuwepo alikuwa amejitolea.) Hata hivyo, mtu hujitolea kukitunza kile anachoweza kukishika. Kichwa cha mtu na shingo yake havina mahali pa kutiwa mafuta.

Kwa hiyo sikubaliani na binti yangu, ingawa nimekubali nusu ya hoja yake. Furaha itangulie. Mtoto aachwe aguse gurudumu, apande, apige kelele za honi kwa mdomo wake. Lakini ukweli usingoje mwaka mwingine, kwa sababu kitu kinachoonekana kina nguvu, na kisichoonekana hakina msemaji isipokuwa mtu mzima aliyesimama hapo. Chuma hakidanganyi. Anayemwongoza mtoto mbele ya chuma akanyamaza, huyo ndiye ninayemtilia shaka.

Tena habari yenyewe haijawa ya kale. Kutoka Kinole na vijiji vingine vya milimani bado wapo akina mama wanaoteremka na ndizi kichwani, alfajiri, kwenye njia ambazo pikipiki haipiti. Na hapa bondeni treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Nimeipanda, ni nzuri, na sioni sababu ya kujifanya siyo.

Jirani yangu mmoja alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli hiyo. Juma moja baada ya safari yetu mjukuu wa kiume alikwenda kwake na daftari, bila kutumwa na mtu. Akamwamkia, akaketi, akamwuliza alibeba nini. Jirani alicheka sana, akasema mifuko ya saruji, hesabu yake ilimshinda. Mtoto akamwomba akisie. Waliketi chini ya mwembe hadi magharibi wakihesabu, mifuko kwa siku, siku kwa mwezi, na mama yake akatoka kumwita chakulani mara mbili.