Farasi Asiyeshindana

Je, mafundisho yasiyokuwa na mshindi yana thamani gani? Swali hili twaliuliza hapa Kampala, mji wenye farasi wachache, kwani mbung'o na ugonjwa wa nagana viliwazuia wanyama hao wasienee katika sehemu kubwa ya Afrika. Hata hivyo, asiyefuga farasi aweza kujifunza kwake.

Mpanda farasi wa mashindano humtaka mnyama wake awapite wenzake. Mwingine humfundisha wake kuinama, kulala chini, au kumfuata bila hatamu. Hana kikombe anachokingojea. Huko Oman iko ardha, maonyesho ya farasi na ngamia ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018. Wapandaji husimama juu ya migongo ya farasi waendao mbio, na farasi huambiwa alale, naye akalala. Umati hushangilia, na aliyeshindwa hayupo.

Watakuwapo wenye kusema kwamba pasipo mashindano uvivu huingia. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana mashindano hufichua uzembe. Lakini hutuambia nani katangulia tu. Hayatuambii kama alielewa au aliogopa kiboko. Wala michezo nayo haina kinga: farasi aweza kulazwa kwa fimbo kama awezavyo kukimbizwa kwa fimbo. Basi hapana budi tuitazame njia yenyewe. Mafunzo mema huligawa jambo katika hatua ndogo ndogo, hutuza kila hatua, na humvumilia mwanafunzi ambaye leo bado hajaweza.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa hesabu wa Berlin, Wilhelm von Osten, aliwaonyesha watu farasi wake Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alithibitisha kwamba Hans hakujua hesabu: alizisoma ishara ndogo za mwili wa muulizaji, ambazo muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anazitoa. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye alikosa.

Sisi walimu tusimcheke Hans. Kila matokeo ya PLE yanapotangazwa, twawahesabu waliotangulia. Tujiulize pia: watoto hawa wamelisoma somo, au wamezisoma nyuso zetu? Na kama ni nyuso, wamesoma nini humo: subira, au tamaa ya kikombe? Anayefundisha bila kikombe hawezi kulikwepa swali hilo. Nasi twapaswa kulijibu kila siku, hata siku isiyo ya mtihani.